Mpira Usioulizwa

Mmekaa siku saba na mpira ule kwenye glavu za Dipankar, wasomaji wangu, na wapo walioniandikia kunitukana. Haya, tuushushe sasa. Mliusikia wenyewe ule mlio mdogo, tk, Hartnell alipoupapasa mpira wa Mofazzal kwa ukingo wa gongo lake. Mkauona mpira unampita, unashuka, na Dipankar Barua, mlinda wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji, anajitupa chini na kuinuka nao. Hapo nikawakatia, maana gazeti nalo lina mwisho wa ukurasa.

Basi sikieni kilichofuata. Hakikufuata kitu.

Hakuna aliyeruka wala aliyepiga kelele. Uwanja mzima wa Chattogram ulinyamaza kwa pumzi moja, kisha ngoma zikaendelea pale zilipokuwa zimeachia. Hartnell, mpigaji wa wageni aliyekuwa amesimama hapo tangu asubuhi akiwatesa wenyeji, alijikuna shingo akaangalia upande mwingine. Mwamuzi Corrigan, mzee mwekundu kutoka New Zealand, alisimama mikono nyuma akimtazama Mofazzal. Akamtazama tena, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi.

Asiyeujua mchezo huu ajue jambo moja tu, linamtosha kwa leo. Katika kriketi mwamuzi hamtoi mtu ambaye hajaulizwa. Mpigaji anaweza kuugusa mpira, ukadakwa, dunia nzima ikaona; kama upande unaorusha haujauliza, mwamuzi hufunga mdomo wake na mchezo unaendelea. Swali lenyewe ni neno moja, vipi. Wako wanaolinguruma wamepiga magoti, mikono juu, utadhani wamefiwa, na wako wanaolisema kwa adabu. Lakini lazima liulizwe.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Ujinga wa vijana hawa wa Bangladesh ulianzia kwenye kuuliza kupita kiasi. Siku ya kwanza ya mechi waliuliza kila kitu: mpira ukigusa kiatu, vipi, ukipita hewani bila kugusa chochote, vipi, kunguru akilia juu ya paa, vipi. Jioni mkuu wa mechi akamwita nahodha Rezwan, akamwambia kwamba kelele zile zikirudi atafungiwa mechi mbili. Rezwan ni mtoto wa Dhaka, ana jina la kulinda na nywele za kulinda pia. Akarudi chumbani akatunga sheria, kwamba kuanzia sasa hakuna wa kuuliza mpaka Dipankar aulize kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na mpira.

Sheria nzuri, sikatai. Ila leo, siku ya mwisho, tangu chakula cha mchana Dipankar hana sauti. Siku nne za kupiga makelele nyuma ya wiketi zimeikausha, ananong'ona tu, na hata chai ya tangawizi haikumsaidia. Na watu kumi na mmoja wazima, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuibadili sheria.

Sasa tumtazame mwenye mpira wake. Mofazzal Mridha ana miaka thelathini na sita. Ni mwalimu wa michezo huko Patiya, ng'ambo ya mto, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuvaa kofia ya taifa. Mara ya kwanza, katika umri ambao wenzake wameshaanza kutangaza redioni. Kila mwaka waliambiwa wachaguzi kwamba kuna mrushaji Patiya ambaye mpira wake hugeuka ukitua kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kila mwaka walimchukua kijana mwingine. Mvumilivu hula mbivu, mkewe Jesmin alikuwa akimwambia. Mofazzal alivumilia mpaka mbivu zikaoza mtini. Wakamwita mkesha wa mechi hii kwa sababu Tareq aliumia mkono na hakukuwa na mwingine.

Asubuhi hii, kwenye kifungua kinywa cha parata na mayai, mkuu wa wachaguzi alimwambia wazi, bila hata kukaa. Wakishinda, Mofazzal anapanda ndege pamoja nao kwa ziara ya wiki ijayo. Wakishindwa, mkono wa Tareq umekwisha pona. Ndivyo Mofazzal alivyoingia uwanjani leo, na ndivyo alivyowatoa wageni wanne peke yake, kidole chake cha shahada kimepasuka na kinavuja damu kwenye mshono wa mpira.

Wageni walikuwa wanahitaji mikimbio kumi na minane tu, ndiyo mabao ya mchezo huu, washinde. Wamebakiwa na wiketi mbili, yaani wawili wa kutolewa. Hartnell akitoka, waliobaki ni warushaji wanaoshika gongo kama watu wanaofukuza nyoka, na mechi imekwisha. Hartnell asipotoka, Mofazzal anarudi Patiya kuwapigia watoto filimbi.

Mpira ule ulikuwa wa sita, wa mwisho wa zamu yake. Corrigan akatangaza kwamba zamu imekwisha; inayofuata ni ya Imtiaz, kutoka upande wa pili. Mofazzal akaenda kuchukua kofia yake, maana mrushaji humwachia mwamuzi amshikie. Corrigan aliitoa mfukoni akampa, lakini hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili.

"Kofia yako, bwana," Corrigan alisema, na bado hakuiachia.

Mofazzal alidhani jua limempata mzee wa watu. Akaivuta taratibu, akashukuru, akaanza kuburuta miguu kuelekea upande wake. Mlio aliusikia, ndiyo. Lakini kwa uchovu aliokuwa nao alijiambia kwamba ni gongo limegusa ardhi, au pedi, au magoti yake mwenyewe. Dipankar hakuuliza. Kama Dipankar hakuuliza, basi hakukuwa na kitu.

Akaona mtu anamkimbilia na pedi miguuni, akipepesuka kama bata. Ni Dipankar. Anajishika koo, anaonyesha sikio, anaonyesha wiketi. Mofazzal akamwashiria kwamba maji yako kwa yule kijana kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Dipankar akatikisa kichwa, akafika, akamshika bega. Hawa wawili ni wa huku huku, mmoja Patiya na mwingine Raozan, na wakiwa peke yao huongea lahaja ya kwao ambayo mtu wa Dhaka huisikia kama kuku wanagombania punje.

"Kaka Mofa, uliza," alinong'ona.

"Niulize nini?"

"Hartnell. Aliugusa, nikamdaka. Uliza kabla Imtiaz hajaanza kukimbia. Mpira mwingine ukirushwa, imekwisha."

"Mbona wewe umenyamaza?"

Dipankar alijishika koo tena, akatazama chini.

Nisiwafiche, alichosikia Mofazzal moyoni hakikuwa furaha. Kilikuwa uchovu mwingine, umekuja kukaa juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo hata kitu alichokipata inabidi akifuate tena kwa miguu akakiombe. Maisha yake yote yalikuwa hivyo, na alikuwa amechoka kungoja kuliko alivyochoka kurusha.

Rezwan akafika kabla hajajibu, uso umemkunjamana. Alitaka kujua watu wa Chattogram wanapika nini hapo katikati wakati mechi inawaponyoka. Mofazzal akamweleza kwa kifupi. Nahodha akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa pua.

"Nani aliuliza? Hakuna. Basi imepita."

"Haijapita mpaka Imtiaz aanze kukimbia," Mofazzal alisema.

"Na mwamuzi akisema hapana? Dakika nzima imeshapita, tunakwenda kumuuliza kama watu wa sokoni. Nafungiwa mechi mbili mimi, kaka Mofa, si wewe. Wewe una mechi gani za kufungiwa?"

Neno lile lilimwingia Mofazzal pale pale lilipokusudiwa. Rezwan mwenyewe aliliona limeingia, akalainisha sauti kidogo, akamwambia mzee akasimame kwenye kamba apumzike, kazi yake ameifanya vizuri na hakuna atakayemlaumu. Kisha akampungia mkono Imtiaz, mrushaji wao wa kasi, kwamba aanze.

Imtiaz alikuwa mbali, mgongo umeelekea kamba, akisugua mpira kwenye suruali. Mtu huyu ana desturi ya kusugua mpira mpaka unang'aa kama kichwa cha bibi harusi kilichopakwa mafuta, na siku zote wenzake humsema kwa kupoteza muda. Leo Mofazzal alimwombea heri kwa kila msuguo.

Corrigan sasa alikuwa amehamia pembeni, mahali anaposimama mwamuzi ambaye zamu si yake. Njia ya Mofazzal kwenda kwenye kamba ilipita karibu naye. Mofazzal akatembea. Imtiaz akageuka. Akapangusa kiganja. Akainua kichwa kutazama wiketi.

Mofazzal hakunguruma wala hakupiga magoti, maana angepiga magoti asingeinuka. Alisimama mbele ya mwamuzi na kofia mkononi, kama mtu anayeuliza bei ya samaki ambaye anajua hatamnunua.

"Bwana Corrigan," alisema. "Ule mpira wangu wa mwisho. Vipi?"

Corrigan aliinua mkono kwanza kumsimamisha Imtiaz, ambaye mguu wake ulikuwa ndio unataka kuondoka. Akamtazama mwamuzi mwenzake ng'ambo ya pili. Wote wawili walikuwa wameusikia mlio, na wote wawili walikuwa wameiona glavu ikiinuka na mpira ndani. Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Corrigan akageuka kwa Hartnell, akainua kidole juu, polepole, akakiacha hapo.

Hartnell alisema mwisho wa zamu ulikwisha tangazwa. Corrigan akamjibu kwamba swali limekuja kabla ya mpira mwingine kuanza, na sheria haitaki zaidi ya hapo. Mtu aliyegusa mpira hujijua mwenyewe, na huyu tangu mwanzo alikuwa anajijua. Akalitia gongo kwapani, akaanza kutoka.

Watu jukwaani walichelewa kuelewa. Halafu ubao ukabadilika, mtangazaji akasema watano, Mofazzal Mridha, watano katika mechi yake ya kwanza, na pale ndipo Chattogram ilipopasuka. Wako warushaji waliocheza mpaka wakaota mvi na hawakuwahi kuwatoa watano kwa mara moja. Huyu amewatoa katika mechi ile ile aliyovalishwa kofia. Ngoma zikapigwa, bisi za mchele zikarushwa hewani pamoja na magazeti, na jina likaanza upande wa mashariki likazunguka uwanja: Mo-fa, Mo-fa.

Miaka yote hiyo jina lake lilikuwa likiitwa na watoto wa shule wanaotaka ruhusa ya kwenda chooni. Alitaka kulia, akaona hana hata maji ya kulilia. Vijana wakamrukia. Imtiaz akambusu kichwani. Hata Rezwan alikuja, akamkumbatia, akasema mbele ya kamera kwamba siku zote alijua.

"Watano," sauti moja ilinguruma sikioni mwake, nene, nzima, yenye nguvu ya kuamsha kijiji. "Watano, kaka yangu. Nani kama wewe?"

Mofazzal akageuka kuona ni nani. Alikuwa Dipankar.

Alimtazama usoni. Dipankar naye akaisikia sauti yake mwenyewe, mdomo ukabaki wazi, kisha ukafungwa.

"Sauti imetoka wapi?" Mofazzal alimuuliza kwa lahaja yao.

"Furaha, kaka. Imekuja yenyewe."

"Hata mkono hukuinua. Mtu asiye na sauti ana mikono. Umedaka, ukaurusha mpira kwa mwenzako kama vile hakuna kitu."

"Kaka Mofa, usiniulize."

Wenzao walikuwa bado wanarukaruka, hakuna aliyewasikiliza. Mofazzal akamvuta kando kwa mkono wa fulana. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Alimuuliza tu, kwa sauti ile ile aliyomuulizia mwamuzi, kama mpira uligusa chini kwanza.

Dipankar alizitazama glavu zake. Akasema uligusa. Kidogo tu, unywele wa nyasi, kisha ndiyo ukaingia. Ndiyo maana hakuuliza. Angekuwa na sauti ya simba asingeuliza, kwa sababu alijua.

"Sasa kilichokufanya uje kunikimbilia ni nini?"

"Nilikuona unatembea," Dipankar alisema, na sauti sasa ilikuwa imemkauka tena. "Nilikuona mgongo wako ukienda kwenye kamba. Nikasema huyu mtu wamemla miaka yote hii, na mimi Hartnell ninaye mkononi. Nikasema Mungu atanisamehe kwa unywele mmoja wa nyasi."

Mofazzal alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na zaidi ya yote alitaka kukaa chini. Kwa upande mmoja jina lake lilikuwa bado linazunguka uwanja. Kwa upande wa pili Hartnell alikuwa anatembea, mgongo wake mwekundu kwa jua, ameshafika nusu ya njia. Mwizi wa kwanza katika habari hii alikuwa Hartnell mwenyewe, aliyegusa na kunyamaza. Lakini kugusa peke yake hakumtoi mtu. Lazima adakwe kabla mpira haujagusa ardhi, na hakudakwa.

Na hapa, wasomaji wangu, kuna kipengele kingine, ambacho Mofazzal alikijua kwa sababu ndicho anachowafundisha watoto. Swali likishaulizwa linaweza kurudishwa. Nahodha wa upande uliouliza anamwendea mwamuzi, anamwomba, na mpigaji anaitwa arudi. Ila ni nahodha peke yake. Na lazima iwe kabla mpigaji hajavuka kamba. Akishavuka, amekwisha toka.

Mofazzal akaenda kwa Rezwan. Alimwambia yote kwa maneno machache, na hakumtaja Dipankar kwa ubaya. Alisema tu kwamba mpira uligusa chini na kwamba yeye hakujua alipouliza.

Rezwan alitabasamu kwa ajili ya kamera, akamwekea mkono begani, akamwongelea bila kufungua meno.

"Mimi sijasikia kitu. Na wewe hujasikia kitu."

"Mwite, Rezwan. Bado hajafika."

"Ulitaka kuuliza, nikakukataza, ukauliza. Mwamuzi amejibu. Sasa unataka nikamwambie mkuu wa mechi kwamba tulimdanganya? Mechi mbili zitageuka mwaka." Akamkaza bega. "Ukimrudisha yule, anapiga mikimbio kumi na minane, na wewe hupandi ndege. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi nenda kasimame ulipokuwa unakwenda. Watano hao ni wako mpaka kufa, mzee. Hakuna atakayekuja kukuvua."

Rezwan akamwacha, akaenda kuwapanga wenzake uwanjani kwa ajili ya mpigaji mpya, ambaye alikwisha anza kushuka ngazi za chumba chao akivaa glavu. Hartnell alikuwa amebakiza hatua chache afike kwenye kamba. Mashabiki wa hapo ukingoni walikuwa wanamwonyesha vidole vitano, usoni kabisa, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

Mofazzal alifikiria ndege. Alimfikiria Jesmin, ambaye wakati huu lazima majirani wamejaa mlangoni kwake na sahani za peremende. Alifikiria kwamba angenyamaza tu, muda mfupi tu, kama alivyonyamaza Hartnell na kama alivyonyamaza Dipankar, jambo lingejimaliza lenyewe na hakuna ambaye angemuuliza. Kunyamaza ndicho kitu rahisi kuliko vyote, na mtu aliyechoka hupenda kitu rahisi. Alikaa nalo wazo hilo mpaka Hartnell akafika.

Kisha mwalimu wa michezo wa Patiya, ambaye katika maisha yake yote ya kriketi hakuwahi kuuliza kwa kelele, alivuta pumzi kutoka kwenye visigino na kulipaza jina.

"Hartnell!"

Likaenda juu ya ngoma, juu ya watu, mpaka kwenye kamba. Ngoma zikaachia. Mo-fa ya mwisho ikakatikia kooni mwa mtu mmoja huko mashariki. Corrigan akageuka, mwenzake akageuka, na Dipankar akajishika kichwa kwa glavu zote mbili.

Hartnell alisimama. Aliangalia nyuma kuona ni nani anayemwita, na alipoona ni yule mzee aliyemtoa, akashindwa kuelewa, akabaki hivyo alivyokuwa. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya kamba na mwingine ulikuwa nje.

Na Rezwan, mtu pekee mwenye ruhusa ya kumrudisha, hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja ulionyamaza, amewapa mgongo wote wawili, akimpigia makofi Imtiaz aanze kukimbia.